Ukitoka Kamukunji, Umebaki na Nini?

Mbinu za kuchambua hotuba ya mwanasiasa kwa kutumia sarufi uliyofundishwa shuleni

Mkutano ukivunjika pale uwanjani Kamukunji, Kibera, Nairobi, kabla vumbi halijatua, mshike mkono mmoja wa wanaorudi nyumbani umuulize: "Mheshimiwa amesemaje leo?" Jibu utalipata papo hapo. "Amewapa zao!" "Leo mtu wetu ameongea!" Sasa muulize tena, taratibu: "Ameongea nini?" Atakumbuka kitendawili kimoja, wimbo mmoja, mzaha kuhusu mpinzani, na jinsi vijana walivyopanda juu ya mabati ili waone vizuri. Hotuba ya dakika arubaini imeyeyuka kabla hajafika kituo cha Olympic.

Usimcheke. Hotuba ile ilipikwa ili imsisimue, na imemsisimua. Sisi watu wa lugha hii tunapenda maneno yaliyokolea, na wanasiasa wanalijua hilo. Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kutoka 1992 hadi 2013, Kibera ikiwa ndani ya eneo hilo, alizoea kutamka neno moja tu, "Kitendawili!", na uwanja mzima ukanguruma, "Tega!" Hebu tazama kilichotokea hapo. Katika kitendawili cha jikoni kwa nyanya, wasikilizaji wana zamu yao. Wanajaribu kutegua, na wakishindwa wanatoa mji ndipo wapewe jawabu. Jukwaani hakuna anayeombwa mji. Aliyetega ndiye anayetegua. Wewe umesema "Tega", zamu yako ikaishia hapo. Hotuba ya siasa, iwe ya nani, inakupa nafasi ya kuitikia bila kukupa nafasi ya kujibu.

Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuichukua nafasi hiyo ya kujibu. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, na kabla ya siku hiyo vipaza sauti vitapita Kibera na Kawangware mara nyingi kuliko magari ya taka. Kifaa cha kujibia unacho tayari. Kama ulipita shule ya upili hapa Kenya, ulisoma sajili ya siasa, ukaorodhesha sifa zake: chuku, takriri, ahadi, kuchanganya ndimi, kujisifu na kukashifu. Ukapata alama zako, ukasahau. Ulisoma viambishi pia. Tukishaipata hotuba, hivyo viambishi ndivyo tutakavyoanza navyo, kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi cha ahadi kisichokuwa na kiambishi cha nafsi (au cha ngeli) na cha wakati. Mwanasiasa anaweza kuficha mengi, lakini vipande hivyo viwili vidogo humtoka tu.

Kwanza, ipate hotuba nzima

Usichambue kipande cha sekunde thelathini ulichotumiwa kwenye simu. Mwenye kukikata alikuwa na nia yake: kumpamba msemaji au kumchafua. Rekodi mwenyewe, au itafute hotuba kamili kwenye kituo kilichoirusha moja kwa moja.

Kisha isikilize mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza tu, upige makofi ukitaka, lakini jiwekee alama pale moyo uliporuka. Mara ya pili chukua daftari, uandike neno kwa neno dakika kumi unazoona ndizo kiini. Kazi hii inachosha, na inafaa kuchosha. Maneno yakishakaa kwenye karatasi, ngoma inanyamaza, bendera zinashuka, na unaanza kuona kilichosemwa na ambacho hakikusemwa. Mara ya tatu soma ulichoandika kwa sauti yako mwenyewe, ya kawaida, kana kwamba unamsomea jirani barua. Sentensi nyingi zilizotikisa uwanja hazivuki mtihani huo.

Ukiweza, fanyeni wawili: mmoja anayempenda msemaji na mmoja asiyempenda. Kila mmoja ataziona kasoro za mwenzake.

Pili, mfuate kitenzi

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda. Tuchukue kipande cha hotuba. Nimekitunga mwenyewe na hakina mwenyewe mwingine, lakini ukiishi Kawangware utahisi ulikuwepo. Msemaji anawania uwakilishi wadi:

"Watu wangu, mko tayari? Mko tayari? Mimi nimezaliwa hapa, nimelala njaa hapa, maji ya mtungi nimebeba hapa. Miaka yote hii wametufanya ngazi, wakishapanda wanatusahau. Majirani zetu wa Kileleshwa wana lami mpaka mlangoni, sisi tuna matope mpaka magotini. Je, sisi si Wakenya? Mkinipa kura, tutajenga hospitali, soko jipya litajengwa, na kila kijana atapata kazi. Wale wengine wakija na pesa zao, kuleni, hizo ni zenu. Mungu akipenda mambo yatabadilika. Na wale ambao hawatutakii mema, tunawajua, na wanajua tunawajua."

Piga mstari chini ya kila kitenzi, uzungushe duara kwenye kiambishi cha nafsi.

Anaanza na ni-: nimezaliwa, nimelala, nimebeba. Ni hoja ya sifa: niaminini kwa kuwa mimi ni wenu. Haina ubaya, na inaweza kuwa kweli tupu. Lakini inathibitisha kwamba anaijua shida, haithibitishi kwamba anajua kuitatua. Waliolala njaa Kawangware ni wengi, na si wote wanaojua kusoma bajeti ya kaunti.

Kisha inakuja wa-: wametufanya ngazi. Akina nani? Hiki ndicho kiambishi cha kuogopa kuliko vyote katika siasa zetu, kwa sababu kila msikilizaji humtia humo adui wake mwenyewe. Mwingine atamfikiria mbunge aliyepita, mwingine kabila la jirani, mwingine mwenye ploti. Wote watapiga makofi kwa pamoja wakidhani wamekubaliana. Dai majina: nani, alikuwa na wadhifa gani, alifanya nini, mwaka gani? Na uangalie kama msemaji mwenyewe, au chama chake, hakuwa miongoni mwa hao wa-.

Halafu tu-. Sisi tuna matope: hapa tu- ni mimi na wewe na yeye. Tutajenga hospitali: hapa tu- ni nani? Ni mimi na wewe tukichanga? Ni serikali ya kaunti? Ni chama? Kuna lugha zenye "sisi" mbili, moja inayomjumuisha msikilizaji na nyingine inayomwacha nje. Kiswahili kina moja tu, na mwanasiasa huitumia kama mlango usio na komeo. Kwenye shida anaingia ndani ya "sisi" yako. Kwenye ahadi anakuingiza wewe ndani ya "sisi" yake. Akishashinda, "sisi" itahamia mahali pengine kabisa.

Sasa tazama ahadi zake tatu zikifuatana. Katika tutajenga hospitali, mjenzi ni umati. Katika soko litajengwa, mjenzi ametoweka; hiyo ndiyo kauli ya kutendwa, na kazi yake hapa ni kumficha mtenda. Katika kila kijana atapata kazi, kijana ndiye mtenda, kana kwamba kazi itamjia ikibisha hodi. Ahadi ni tatu, na hakuna hata moja yenye ni-. Yule aliyesema nimezaliwa, nimelala, nimebeba, amenyamaza pale hasa tulipomhitaji.

Mbinu ni hii: kila ahadi irudishe kwenye kauli ya kutenda, nafsi ya kwanza umoja. "Mimi, nikiwa mwakilishi wadi, nitafanya jambo gani, kwa fedha zipi, kufikia lini?" Kama sentensi hiyo haiwezi kujazwa kwa maneno yaliyomo kwenye hotuba, ulichopewa ni matumaini, hujapewa ahadi.

Mengine yaliyobaki ni mepesi. Je, sisi si Wakenya? ni swali la balagha: jibu limeshapikwa. Ligeuze liwe sentensi ya kawaida: "Sisi ni Wakenya, kwa hiyo tunastahili lami." Ni kweli. Lakini tulilijua hilo kabla hajapanda jukwaani, na bado hatujui yeye atafanya nini. Kuleni inachekesha, ila Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkamata anayetoa hongo na anayeipokea pia. Msemaji anakualika kwenye kosa huku yeye akibaki safi. Mungu akipenda ni imani yetu sote, lakini jukwaani huja mara nyingi palepale ambapo tarehe ilitakiwa kuja. Na tunawajua, wanajua tunawajua? Hiyo tutairudia, maana haina mzaha.

Tatu, tazama wakati

Baada ya nafsi kuna kiambishi cha wakati au cha hali, na vitatu vinatosha.

-Ta- ni ahadi: tutaleta. Iandike na tarehe.

-Me- ni sifa: tumeleta. Hapa uliza kama kilicholetwa kililetwa na yeye. Katika mitaa yetu barabara moja hudaiwa na watu watatu: aliyeipigia kelele, aliyeitengea fedha, na aliyekuja kukata utepe. Uliza pia imechukua muda gani. Huko Soweto Mashariki, Kibera, wakazi wa kwanza walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mnamo Septemba 2009 ili nyumba mpya zijengwe walipokuwa wakiishi. Nyumba hizo, 822, zilikabidhiwa mwaka 2016. Anayesema "tumewajengea" anasema kweli. Anayesema "mmetuchelewesha miaka saba" naye anasema kweli. Uhakiki mzuri unaziweka kweli hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

-Nge- ni kisingizio: tungemaliza, lakini wapinzani wakatuzuia. Huenda ni kweli. Zuio la mahakama na bajeti iliyokatwa ni mambo ya kawaida. Lakini kisingizio pia kinahitaji ushahidi: kesi gani, kura gani bungeni, siku gani? Ukihesabu vitenzi ukakuta aliyeko madarakani ana -nge- nyingi kuliko -me-, umeshapata kichwa cha uhakiki wako.

Nne, uliza kazi hiyo ni ya nani

Ahadi nyingi huanguka kwa sababu moja rahisi: aliyeitoa hana uwezo wa kisheria wa kuitimiza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi. Zahanati na vituo vya afya vya kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji na usafi, uzoaji taka, zimamoto na shule za chekechea ni mambo ya kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili, na hospitali kuu za rufaa ni mambo ya serikali ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria na kuisimamia serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi hufanya kazi kama hiyo kwenye kaunti.

Kwa hiyo mgombea uwakilishi wadi anayeapa kuleta kituo cha polisi Gatina ameahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake. Na anayeapa kujenga hospitali, hana mkandarasi wala hazina. Alicho nacho ni kura moja katika Bunge la Kaunti na sauti katika kamati. Ahadi ya kweli kutoka kwake ingekuwa hivi: "Bajeti ya kaunti ikifika mezani, nitapigania zahanati ya Kawangware itengewe fedha, na nitawaletea hapa ukurasa uonyeshao kiasi." Haitikisi uwanja, lakini unaweza kumfuatilia nayo. Msemaji akikupa ya namna hiyo, mpigie makofi mazito. Amekuheshimu.

Tano, toa kikokotoo

Tarakimu hutajwa jukwaani kama viungo, kwa ajili ya harufu. Zitafune. Mwaka 2022 muungano wa Azimio uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni mbili. Zidisha: bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Swali linalofuata si "je, ni wazo zuri?" Familia nyingi za Lindi na Gatwekera, Kibera, zingekwambia ni zuri sana. Swali ni: zinatoka wapi kila mwaka, na ni kitu gani kitakatwa?

Mwaka huohuo manifesto ya mpinzani wake, Kenya Kwanza, iliahidi kuongeza nyumba mpya hadi 250,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: nyumba 685 kila siku, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa. Linganisha na zile 822 za Soweto Mashariki. Na hapa pia uliza nani atalipa. Kuanzia 2023 jibu lilionekana kwenye hati za mishahara, asilimia 1.5 ya mshahara kwa ushuru wa nyumba.

Angalia nimechukua mfano mmoja kila upande. Fanya hivyo daima. Ukimtolea kikokotoo mpinzani peke yake, hiyo ni kampeni.

Mara nyingine tarakimu hutimia huku kitu kikibadilika. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi (laptop) kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vilivyoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, na mtoto hakwenda nayo nyumbani. Ndiyo sababu nasema andika ahadi neno kwa neno. Miaka mitatu baadaye utaambiwa ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Sita, fungua picha

Msemaji hodari hakwambii la kufikiri. Anakupa picha, na picha inafikiri kwa niaba yako. Katika uchaguzi mdogo wa eneo bunge la Kibra, lenye mtaa wa Kibera, wa 7 Novemba 2019, uliofanywa baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth, upande wa ODM, chama cha Raila aliyeitwa "Baba", ulilisimamisha neno moja juu ya mengine yote: Kibra ni "bedroom ya Baba". Hebu ikalie picha hiyo. Chumba cha kulala kina mwenyewe. Mgeni haingii bila ruhusa. Anayeingia ni mwizi, au ni mfitini wa ndoa. Kwa neno moja, McDonald Mariga, mwanasoka mashuhuri aliyesimama kwa tiketi ya Jubilee, aligeuka kutoka mgombea mwenye haki akawa mvamizi. Imran Okoth wa ODM alishinda kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230 za Mariga. Picha hiyo haikuleta ushindi peke yake, chama kilikuwa na mizizi ya miaka mingi hapo. Lakini ilifanya kazi yake: ililiondoa swali "nani ataleta maji na vyoo?" ikaweka "hii nyumba ni ya nani?" Na katika chumba hicho, mkazi wa Laini Saba alikuwa nani? Kitanda?

Upande wa pili nao ulikuwa na yake. Kuelekea 2022 William Ruto alileta toroli na neno hasla: wachuuzi, mama mboga na vijana wa boda boda upande huu, na watoto wa vigogo upande ule. Picha hii ilikuwa na nguvu yenye haki ndani yake. Iliongelea jasho badala ya kabila, na ikamfanya msukuma mkokoteni wa Kawangware ajione katikati ya siasa. Sasa uliza ilichokificha: mwenye toroli alikuwa Naibu wa Rais tangu 2013. Kila alipowanyooshea vigogo kidole mbele ya mahasla, ile wa- ilikuwa na kiti chake ndani.

Kwa kila picha, jiulize maswali matatu. Mimi ni nani ndani yake? Adui ni nani? Na ni swali gani nimeacha kuliuliza tangu nilipoipenda?

Saba, lugha ikibadilika, tega sikio

Mkutano wa Nairobi huanza kwa Kiswahili, ukapita kwenye Sheng, ukagusa Kiingereza cha takwimu, kisha ghafla msemaji akateremka kwenye lugha ya mama kwa dakika mbili. Kibera itakuwa Kidholuo au Kinubi, Kawangware Kiluhya au Kikuyu. Sehemu kubwa ya umati hucheka, wengine hutazamana. Dakika hizo mbili ndizo za kurekodi kwa makini zaidi. Pengine ni salamu na utani wa ndani tu. Pengine ni ujumbe ambao hakutaka uusikie. Mtafute jirani unayemwamini akutafsirie yote, siyo "anasema tu mtupigie kura".

Na kuna maneno yasiyohitaji tafsiri. Madoadoa, kwekwe, mende: kila moja linamtoa mtu katika utu na kumfanya uchafu wa kuondolewa. Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano iliyaorodhesha maneno ya namna hii kuwa ya chuki. Orodha ilizua ubishi, kwa kuwa ilibeba pia "hatupangwingwi", na wengi wakauliza kama sasa hata kukataa kupangiwa ni kosa. Ubishi huo una somo: neno peke yake halitoshi. Tazama nani anasema, wapi, juu ya nani, na anaombwa nani afanye nini.

Ndiyo maana nilisema "tunawajua, wanajua tunawajua" haina mzaha. Kibera inajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa, na nchi nzima ikazika watu zaidi ya 1,100. Kawangware iliionja tena Oktoba 2017, baada ya kura ya marudio. Katiba, Kifungu cha 33, inaulinda uhuru wako wa kusema, na kifungu hichohicho kinasema haulindi uchochezi wala matamshi ya chuki. Kipande cha hotuba kikikunja mkono kumwelekea jirani yako, usiishie kukihakiki. Usikisambaze. Kihifadhi na ukiripoti kwa hiyo Tume ya Uwiano na Utangamano.

Nane, badilisha jina

Huu ni mtihani wako wewe, si wa mwanasiasa. Chukua zile dakika kumi ulizoandika. Futa jina la msemaji, uweke la yule usiyeweza hata kumtazama. Soma tena. Bado ungeshangilia? Halafu nenda kinyume: chukua hotuba ya huyo usiyempenda, umpe mtu wako. Je, yale uliyoyaita uongo yamekuwa mikakati?

Kuna namna nyingine ya mtihani huu, na jiografia yetu inaturahisishia. Mbunge wa Dagoretti Kaskazini huomba kura Kawangware, Gatina na Kabiro, na pia Kileleshwa na Kilimani. Wa Kibra huomba Lindi na Sarang'ombe, na pia Woodley. Tafuta hotuba ya mgombea huyohuyo mtaa wa mabati na mtaa wa maghorofa, uziweke bega kwa bega. Kule alisema nini juu ya ubomoaji, wachuuzi wa kando ya barabara na kodi ya ardhi? Na hapa? Anayebadilisha mifano ni mwalimu mzuri. Anayebadilisha msimamo amekuuzia kitu tofauti kwa bei ileile.

Mwisho, andika uhakiki

Uchambuzi usioandikwa hubaki kuwa lalama za baze. Andika sentensi tano, hazizidi.

Ya kwanza: nani, wapi, lini, mbele ya nani. Ya pili: dai lake kuu, ulieleze vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe angesema "naam, ndivyo nilivyomaanisha". Ya tatu: kilichosimama, maana hotuba zisizo na lolote zuri ni chache. Ya nne: kisichosimama, pamoja na ushahidi wako. Ya tano: swali moja.

Kwa ile hotuba yetu ya Kawangware ingekuwa hivi: "Jumamosi, mgombea uwakilishi wadi aliwahutubia wakazi na wachuuzi kwenye uwanja wa Kawangware. Alidai kwamba mtaa umepuuzwa ukilinganishwa na majirani, na kwamba yeye, akiwa mzaliwa wa hapa, ataleta hospitali, soko na kazi. Ulinganisho wake wa barabara ni wa haki, na unaonekana kwa macho. Hata hivyo hakuna ahadi yoyote aliyoifunga kwenye jina lake, tarehe au fedha, na alihitimisha kwa maneno ya vitisho kwa watu asiowataja. Je, katika mwaka wake wa kwanza atapendekeza kiasi gani kwa zahanati, na atakitoa kwenye fungu lipi?"

Angalia hakuna tusi humo. Tusi lingempa sababu ya kutojibu.

Usiuandike uwanjani, mbele ya vijana waliolipwa kulinda jukwaa. Daftari lina maadui huko. Andika nyumbani, kisha upeleke panapozungumzika: kikao cha ploti, chama cha akina mama, kipindi cha kupiga simu Pamoja FM pale Kibera, au mkutano wa maoni ya bajeti ya kaunti, ambayo sharti iwasilishwe kufikia 30 Aprili kila mwaka. Msemaji akiwa tayari yuko ofisini, una njia nyingine: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma ukiulizia mradi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala.

Na akija mwenyewe kwenye kikao kidogo, kile cha viti vya plastiki na soda, ambako hakuna kipaza sauti cha kukuzidi, inua mkono kwa adabu. "Asante, mheshimiwa, kwa kututembelea. Pale Jumamosi ulisema tutajenga hospitali. Nilikuwa nauliza tu, nipate kuandika vizuri: huyo tu- ni nani na nani?"

Kisha fungua daftari, usubiri. Safari hii zamu ya kujibu ni yake. Akishindwa, akupe mji.